Pande Zote Mbili Zilinikataa

Nyinyi mnaosomea sheria za michezo, ambao kesho mtaitwa mawakili wasomi, kuna kiti kimoja ambacho hakuna mwalimu wenu atakayewaeleza habari zake. Ni benchi la varandani, nje ya chumba cha usuluhishi, ambapo wasuluhishi hukaa wakisubiri kujua nani kati yao atachaguliwa. Nimelikalia benchi hilo zaidi kuliko nilivyokalia kiti cha ndani, kwa hiyo nadhani nina haki ya kulizungumzia.

Hakimu hupangiwa kesi. Wenye kesi wampende wasimpende, watasimama mbele yake. Msuluhishi ni tofauti. Klabu ikigombana na mchezaji, au chama kikigombana na kocha, pande zote mbili hukubaliana juu ya mtu mmoja wa kuwasikiliza, na uamuzi wake, ambao sisi tunauita tuzo, unawafunga wote. Maana yake ni kwamba kila shauri linaanza kwa watu kukupima na kusema wanakutaka au hawakutaki. Mtu asiye na wivu anaweza kuivumilia kazi hiyo vizuri. Mimi wivu ninao. Niliingia nao kazini na nimestaafu nao.

Ofisi yetu ilikuwa Kariakoo, juu ya maduka ya mapazia. Chini wachukuzi wanasukuma mikokoteni na kuomba njia kwa matusi, juu sisi tunabishana juu ya tarehe ya kusaini mkataba. Chumba cha mashauri na varanda vilitenganishwa kwa ubao mwembamba, na karani wetu alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuita abiria. Akisoma majina ya wasuluhishi, sisi tulio nje tunasikia kila kitu, na tunajifanya tunasoma magazeti.

Siku hizi naambiwa jina linapigiwa alama kwenye kompyuta, kimyakimya, na aliyekataliwa hapati habari. Kwa hilo nawaonea wivu hata nyinyi.

Shauri ninalotaka kuwaeleza lilikuwa la golikipa mmoja, nitamwita Yasini. Klabu mbili zinazohusika nitaziita Sikukuu na Kipata, kwa majina ya mitaa tu, kwa sababu mambo ya usuluhishi ni ya siri na hata nikiwa nyumbani na msuli wangu kiunoni bado naiheshimu siri hiyo. Si zile klabu kubwa mnazozifikiria. Ni klabu za daraja la chini, majirani, ambazo wazee wake wanakunywa kahawa kwenye kona zinazotazamana na siku ya mechi hawapeani hata salamu.

Yasini alikuwa golikipa wa tatu wa Sikukuu. Mkataba wake ulikuwa umebakiza misimu miwili, na tangu asaini hakuwahi kudaka mechi hata moja ya ligi. Kipata walimtaka. Sikukuu wakakataa kumwachia. Sasa, sheria za michezo zinamruhusu mchezaji asiyechezeshwa kabisa kuomba mkataba uvunjwe, lakini lazima athibitishe madai yake, na klabu ilikuwa na jibu: golikipa hukuzwa taratibu, na zamu yake inakuja. Dirisha la usajili lilikuwa linakaribia kufungwa. Akishinda, anaondoka na kucheza. Akishindwa, anarudi benchi mpaka mkataba uishe, na baada ya hapo hakuna klabu itakayokumbuka kwamba aliwahi kuwa golikipa.

Karani akaanza kwa kulisoma jina langu. Nikasikia sauti ya Mzee Tindwa, katibu wa Sikukuu, ikisema huyo hawamtaki. Kabla haijatulia, mwakilishi wa Yasini akasema na wao pia hawamtaki. Karani akacheka, akasema vizuri, angalau kuna jambo moja mmeshakubaliana.

Chumba kizima kikacheka. Mimi nikafungua ukurasa wa gazeti.

Jina la pili lilikuwa la Hansa. Sikukuu wakamkubali. Yasini akamkubali. Na Hansa mwenyewe alikuwa amekaa pembeni yangu kwenye benchi, kopo la chevda, vile vitafunio vya Kihindi vya kukaanga, mapajani, akanisogezea bila kunitazama usoni.

"Chukua, Kaka Idrisa. Leo shangazi ametia korosho nyingi."

Nikachukua. Ilikuwa tamu, na hilo nalo liliniudhi.

Hansa, au Mama Hansa kama vijana walivyomwita, ni wa Upanga, wa familia ya Kihindu iliyokuwa na duka la viatu vya mpira hapo hapo Kariakoo. Udogoni alikuwa akikaa juu ya kaunta ya baba yake akiwatazama wachezaji wa Sikukuu wanaojaribu viatu, na kuanzia hapo akawa mshabiki wao, hakuficha. Alikuja kazini kwa bajaji, faili zake zikiwa ndani ya kikapu cha ukili. Alitumia kalamu ya wino wa kijani kusahihisha na wa bluu kusaini. Hakula nyama, hakunywa chai yenye tangawizi, na akiwa na shauri gumu alivua viatu chini ya meza. Najua mnashangaa nimeyajuaje yote haya. Mngoje kidogo.

Mimi ni mtoto wa mtaa wa Gerezani, jirani na Kariakoo. Babu yangu alizikwa na watu wa mitaa hii. Nilipoanza kazi hii niliacha timu, kweli kabisa niliacha, nikagawa jezi, nikaacha kukaa kona yoyote ya kahawa. Niliamini kwamba msuluhishi asiye na timu ndiye atakayegombaniwa. Kumbe ukiwaambia watu wa Kariakoo kwamba huna timu, wanaamini unayo na unaificha. Hansa yeye alikuwa na desturi yake. Kabla ya shauri lolote alisimama, akasema yeye ni Sikukuu tangu utotoni, ana jezi yao nyumbani, na anayemwona hafai aseme sasa ili aondoke. Kanuni zinamtaka msuluhishi atamke kila kinachoweza kuwatia watu shaka. Wengine tulikuwa tunasoma tamko hilo harakaharaka. Yeye alilisema kama mtu anayejitambulisha kwa wakwe. Na baada ya hapo hata Kipata walikuwa wanamchagua.

Mara nyingi nililala nikilifikiria jambo hilo. Mtu wa Upanga, mshabiki wa wazi, anachaguliwa na watu wa mtaani kwangu, na mimi niliyejinyima mpira kwa ajili yao napita na gazeti langu.

Kabla sijaendelea, niwape kidogo ya ufundi, msije mkasema mzee amekuja kulalamika tu. Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Kondo, hakimu wa mahakama ya mwanzo aliyestaafu, mtu mfupi mwenye koti moja. Yeye alinionya nisipange shauri la mpira siku ya mechi. Tulipanga moja kwa kulazimishwa. Katikati ya ushahidi kelele zikapanda kutoka dukani chini, na shahidi akatoka mbio kwenda kuuliza nani amefunga. Alirudi amenuna na ushahidi wake wote ukabadilika. Ijumaa mchana nayo msiiguse. Chai iletwe kabla ya maneno, si baada yake, maana watu wazima wawili wenye vikombe vya moto mikononi hukaa kwa adabu. Na mkisikiliza maelezo ya klabu, msiandike sana kile wanachokisifu. Andikeni kile wanachokijua. Mzee Kondo alisema mtu husifu chochote, lakini kujua kunahitaji kutazama, na hakuna anayetazama asichokitaka.

Hilo la mwisho ndilo lililokuja kunifaa.

Hansa alipokwisha kukubaliwa, alitumia haki yake ya kuwapeleka wahusika kwanza kwa mpatanishi. Upatanishi si usuluhishi. Mpatanishi haamui kitu. Anakaa na kila upande, anasikiliza, anatafuta kama kuna pa kukubaliana. Na atakachoambiwa faraghani kinafia kwake. Hawezi kwenda kumnong'oneza msuluhishi kwamba fulani amekiri. Akifanya hivyo, shauri limeharibika na jina lake pia. Hansa akaniita mimi niwe mpatanishi, siku hiyohiyo ambayo pande zote mbili zilinikataa. Akasema wahusika wamekubali maadamu siamui.

Nilihisi kama mtu aliyealikwa harusini kwenda kupanga viti. Nikakubali, na moyoni sikujidanganya kuhusu sababu: nikiwapatanisha, hakutakuwa na shauri, na Hansa hatapata cha kuamua.

Nilianza na Yasini. Alikuwa kijana mrefu, mikono mikubwa, anakaa Buguruni kwa mama yake. Aliniamkia shikamoo, nikaitika marahaba, nikampa chai. Akaeleza anavyofanya mazoezi peke yake asubuhi, akirusha mpira ukutani, kwa sababu kocha wa Sikukuu hana muda na golikipa wa tatu. Mama yake alikuwa ameshaanza kuwaambia majirani kwamba mwanawe anafanya kazi bandarini. Kisha nikamwuliza, nje ya shauri, kwa nini mtu anayeishtaki Sikukuu amchague mshabiki wa Sikukuu, na kunikataa mimi.

Akaangalia chini. "Mzee, usinielewe vibaya. Mama Hansa akiipendelea Sikukuu, nitamwona. Wewe ukiipendelea, nitajuaje?"

Nikammiminia chai nyingine. Jibu lake nimelitafuta mpaka leo.

Siku iliyofuata nikamfuata Mzee Tindwa kwenye kona yake ya kahawa. Tindwa tulisoma naye madrasa, yeye na mimi ni rika moja, na tulizungumza hivyo. Akamsifu Yasini kuanzia kahawa ya kwanza: kijana ana kipaji, ana nidhamu, ni hazina ya klabu, wanamkuza kwa uangalifu kama mche. Nikamwuliza anatumia zaidi mguu gani kuanzisha mpira. Hakujua. Nikamwuliza mazoezini anapangwa na nani. Akasema kocha ndiye anayejua.

Nikabadilisha mazungumzo, nikamwuliza Kipata wanaendeleaje. Hapo Tindwa akasogeza kiti. Golikipa wao wa kwanza, akaniambia, goti limeanza kumsumbua tangu mechi ya ugenini. Anajifanya hachechemei lakini anapanda ngazi kwa kushika ukuta. Wa pili anaogopa krosi. Wa tatu ni mpwa wa mwenyekiti, si golikipa huyo, ni jamaa. Alizungumza kwa furaha kabisa, akanionyesha hata kwa mikono jinsi yule wa pili anavyorudi nyuma mpira ukipigwa juu.

Mimi nikamsikiliza huku nikihisi joto masikioni, kwa sababu nilimwelewa kuliko alivyojielewa. Nilikuwa naijua rangi ya wino wa Hansa na sikujua faili zangu mwenyewe ziko kabati gani. Anayetazama hivyo hajali chake. Anajali jirani asipate.

"Tindwa," nikamwambia, "Kipata wakipata golikipa mwingine kesho asubuhi, huyu Yasini mtamfanyia nini?"

Akazungusha kikombe. Akatazama kona ya pili, ambako wazee wa Kipata walikuwa wakicheka kitu chao.

"Tutamwacha," akasema. "Wa nini?"

Shauri lote lilikuwa katika maneno hayo mawili, nami nilikuwa nimefungwa mdomo. Ningeweza kupanda ngazi na kumwambia Hansa, na angempa kijana ushindi wake. Lakini ningekuwa nimevunja kitu ambacho wanamichezo wote wanakitegemea wanapokuja kwetu. Na nikinyamaza, shauri likasikilizwa, Tindwa angesimama na kusema "hazina" na "mche," naye Yasini angerudi ukutani kwake Buguruni.

Basi nikamweleza Tindwa wazi nitakachofanya. Nitawakutanisha yeye na Yasini mbele yangu, nami nitauliza swali lilelile. Akijibu vingine sitasema chochote, kazi yangu inanikataza. Lakini atakuwa anajibu huku mimi nimekaa hapo. Tindwa akaniambia nina roho mbaya kama niliyokuwa nayo madrasa. Nikamwambia ndiyo, na kahawa nikalipa mimi.

Tukakutana chumba cha juu. Niliondoa meza, kama Mzee Kondo alivyonifundisha, wakabaki wanatazamana kuanzia viatu. Chai ikaja. Nikauliza swali langu. Tindwa akaanza na mche. Akaenda, akafika kwenye hazina, akanitazama. Akarudi kwenye mche. Yasini alikuwa ameshika kikombe kwa mikono yote miwili. Alimwacha mzee amalize.

"Mzee Tindwa," akasema kwa upole, "mimi sina hasira na klabu. Lakini mama yangu amewaambia watu nabeba mizigo bandarini, kwa sababu ni afadhali hiyo kuliko kusema nimekaa tu. Kama mnanihitaji, niambie Jumamosi nasimama golini, nitafuta kesi leo hii. Kama hamnihitaji, niambie."

Nimesikia mawakili wengi wakihoji. Sijapata kusikia swali lililofunga milango yote kama hilo, na aliyeliuliza hakutaka hata kushinda.

Tindwa aliitazama sakafu. Jumamosi ilikuwa mechi ya ligi. Mwisho akasema, kwa sauti ya chini, kwamba Jumamosi hatasimama. Yasini akauliza, na Jumamosi nyingine? Tindwa akatikisa kichwa.

"Basi niache niende."

"Kipata?" Tindwa akauliza, na hapo sauti ikamrudi. "Nikuone umevaa nguo zao, mbele ya kona yangu? Mimi nitahama Kariakoo."

Hilo ndilo jibu la kweli la klabu ya Sikukuu, na lilikuwa limechelewa kusemwa. Mtu mwingine angelicheka. Mimi niliona halichekeshi, na ndiyo sababu nilijua pa kushika. Nikamwambia Tindwa hatumnyang'anyi hilo. Nikamwuliza Yasini kama ni lazima iwe Kipata. Akanishangaa. Akasema yeye hajawahi kuwapenda Kipata. Ni wao tu waliompigia simu. Akasema hata Kigoma atakwenda, mradi kuwe na goli la kusimama.

Ikawa Tanga. Klabu ya huko ilikuwa inatafuta golikipa. Sikukuu wakamwachia huru, naye akakubali kwamba kwa misimu ile miwili iliyobaki hatasaini Kipata. Tindwa akasaini haraka, kama anayeogopa nitabadilisha mawazo, kisha akashuka ngazi kwenda kwenye kona yake, na nikamsikia chini kule akiwatangazia wenzake kwamba Kipata wamekosa golikipa.

Nilibeba makubaliano yale kumpelekea Hansa. Nilikuwa nimeuandaa uso wangu uwe wa mtu aliyeshinda. Yeye akayasoma, viatu vikiwa chini ya meza, miguu mitupu, akavua miwani.

"Nilikuwa nimeandaa maswali yangu yote, Kaka Idrisa. Umeninyima shauri."

Nikamwambia pole.

"Huna pole yoyote," akasema. "Unajua kinachoniuma? Mimi wananichagua, lakini hawaniambii kitu. Wananisomea maelezo. Wewe Tindwa amekwambia. Najua amekwambia, sikuulizi nini. Mtu wa Kariakoo hajawahi kuniambia kitu juu ya kikombe cha kahawa. Na ukishuka hapo chini utakuta kona nzima inakuita kwa jina la babu yako."

Nikamuaga kwa adabu. Ukweli ni kwamba nilishuka ngazi zile nikiwa mwepesi kuliko siku yoyote ya kazi yangu. Mtu niliyemwonea wivu miaka yote alikuwa ananionea wivu mimi. Nilipita kona ya Sikukuu, nikapita kona ya Kipata, nikanunua hata maandazi.

Wepesi ule haukudumu. Kanuni zetu zinasema makubaliano ya upatanishi yakifikiwa shauri likiwa mikononi mwa msuluhishi, yeye ndiye anayeyaandika kama tuzo na kuweka saini yake. Kwa hiyo tuzo ya golikipa, ambayo vijana wa ofisini walikuja kuitumia kama mfano kwa miaka, imebeba jina la Hansa mwanzo hadi mwisho. Jina la mpatanishi haliandikwi. Kona zote mbili ziliiita kesi ya Mama Hansa. Msimu wa kwanza Yasini akawa golikipa wa kwanza kule Tanga, akaokoa penalti katika mechi ya mwisho, wakamhoji redioni. Nilikuwa nimekaa sebuleni na mke wangu. Yasini akamshukuru Mungu, akamshukuru mama yake, akamshukuru Mama Hansa aliyempa haki yake.

Mke wangu akaniuliza mbona nimezima redio. Nikamwambia umeme.

Misimu ile miwili ikaisha. Sikukuu wakamtaka arudi, sasa kwa heshima zote, Tindwa mwenyewe akasafiri kwenda Tanga kumbembeleza. Kipata nao wakatuma watu. Yasini akawakatalia wote, akabaki alipo, na mama yake akahamia huko, siku hizi anawaambia majirani kazi ya mwanawe bila kuulizwa. Nilikuwa nimeshastaafu. Asubuhi moja simu ikaita, namba nisiyoijua.

"Shikamoo mzee. Ni Yasini, golikipa."

Nikaitika. Akaniuliza afya, akaniuliza nyumbani. Akasema yuko mezani na mkataba mpya, na kuna kifungu kinasema kukitokea ugomvi pande zote mbili zimtaje mapema msuluhishi wanayemwamini. Nikasikia anafunua karatasi. Mimi nilikuwa nimeshakaa wima kitandani. Nilikuwa nimeshaanza kufikiri kwamba umri wangu si kikwazo, kwamba macho bado yanaona, kwamba Tanga si mbali.

"Nimemwandika Mama Hansa," akasema. "Ila simu yangu ya zamani iliibwa, hata hii yako nimepewa na Mzee Tindwa. Nilikuwa naomba unipe namba yake."

Nikampa. Sikuhitaji kuitafuta, naijua kwa kichwa.